Mafuta ya Kweli Huganda

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mama mmoja wa Kihindi alinirudishia chupa ya mafuta ya nazi mbele ya watu. Aliitua mezani kwangu kwa kishindo, akasema, "Dada, mimi nilinunua mafuta. Huu ni mshumaa."

Kariakoo haichukui muda kukusanyika. Kabla sijaishika ile chupa, wauza viungo wa upande wa pili walishaacha kupima, na dada wa vitenge alishasogea pamoja na kiti chake.

Yule mama alikuwa mteja wangu wa miaka mitatu. Alikuwa na duka la vitambaa mitaa miwili kutoka sokoni, na mafuta yangu aliyanunua kwa ajili ya nywele za mama mkwe wake, na kidogo kwa ajili ya taa ya sala nyumbani kwao. Hakuwa mtu wa shari. Ndiyo maana maneno yake yalinichoma.

"Tazama mwenyewe," alisema. "Moja, umechanganya na mafuta ya mgando, yale ya kupikia. Mbili, hukujaza. Ona shimo hili hapa juu. Tatu, chupa yenyewe uliiokota wapi? Imebonyea hivi."

Nilitazama. Mafuta yalikuwa meupe pe toka chini hadi shingoni. Juu, katikati, yalikuwa yamedidimia kama kitovu. Ubavu mmoja wa chupa ulikuwa umeingia ndani, kana kwamba mtu aliukandamiza kwa kidole gumba. Chupa ile niliijaza mwenyewe, nyumbani kwangu Buguruni, mafuta yakiwa bado na uvuguvugu, nikaikaza kizibo. Katika yale matatu hapakuwa na neno hata moja la kweli. Lakini aliponiambia, "Haya, nieleze," nilichoweza kusema kilikuwa, "Mama, ni baridi tu."

"Baridi inapunguza mafuta? Baridi inabonyeza chupa?"

Meza ya nne kutoka kwangu alikuwepo bwana mmoja muuza mafuta ya kila aina: alizeti, ufuta, mawese, na ya nazi pia. Ya nazi ya kwake yalikuwa yanang'aa kipupwe kizima, mepesi, safi machoni. Alicheka kwa sauti ya kutosha watu kumsikia. "Dada, si nilikwambia mimi?"

Ni kweli alikuwa ameniambia. Wiki chache nyuma alinisogelea kiungwana, akanipa siri ya kazi: kipupwe kikiingia, tia alizeti nusu kwa nusu, hayagandi, wateja hawasumbui, na wewe unapata zaidi. "Kila mtu anafanya," alisema. Nilimjibu kwamba mimi siyo kila mtu. Sasa nilikuwa nimesimama pale na chupa yangu nyeupe, na yeye ndiye aliyeonekana mkweli.

Yule mama aliondoka bila kudai chochote. Aliiacha chupa mezani. Hilo nalo lilikuwa tusi.

Kilichoniuma kuliko vyote kilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya meza. Mle mlikuwa na daftari la fizikia. Wiki mbili kabla nilikuwa nimepata alama zote katika jaribio la mada ya chembe. Niliandika kwa Kiingereza, neno kwa neno kama lilivyokuwa ubaoni, kwamba kila kitu kimeundwa na chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, kwamba chembe hizo hazitulii kamwe, kwamba joto huzifanya ziende mbio zaidi. Mwalimu aliweka vema nyekundu kila jibu. Majibu ya maswali matatu ya yule mama yalikuwa mkobani mwangu, yameandikwa kwa mkono wangu, na mimi sikujua kwamba yamo.

Ngoja nieleze nilivyolipata lile daftari. Nilitolewa shule nikiwa kidato cha pili, kwa mimba. Hakuna aliyenifokea. Walinipa barua tu, nikatembea nayo hadi nyumbani nikiwa na sare. Bibi yangu, aliyenilea, aliisoma, akaikunja, akaniwekea mbuzi ya kukunia. "Kuna nazi ishirini pale," alisema. "Kaa." Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mafuta. Nilijifunza kukuna, kukamua tui, kulichemsha polepole mpaka maji yote yaondoke na mafuta yapande juu, na kusikiliza sufuria, kwa sababu maji yakiisha mlio wake hubadilika. Miaka kumi na minane ilipita. Bibi alishafariki, mwanangu alishamaliza sekondari yake, mimi nilishapata meza Kariakoo. Ndipo nikasikia kwamba aliyekatishwa masomo anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia njia ya kwenda mpaka kidato cha nne. Nilijiandikisha kituo cha tuisheni, orofa ya pili juu ya maduka ya mabegi, masomo kila siku saa tisa alasiri.

Sokoni waliniita Profesa, na haikuwa heshima. "Profesa, unataka ubunge?" walikuwa wananiuliza. Nilikuwa nawajibu kwamba nataka kumaliza nilichokatiwa katikati. Darasani nako, vijana wa miaka kumi na saba, kumi na nane, waliniamkia "Shikamoo mama" kila siku kwa pamoja, halafu wakacheka. Nilikuwa nawaitikia "Marahaba wanangu" na kukaa kiti cha mbele.

Siku ile ya chupa niliwahi. Mwalimu wetu alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, shati lake limepigwa pasi vizuri kuliko ungedhani kwa mishahara waliyokuwa wanalipwa pale. Wiki ile alishaanza mada ya mawimbi. Nilinyanyua mkono.

"Mwalimu, naomba turudi kwenye chembe."

"Tulishamaliza, mama. Na wewe ulipata zote."

"Nilizipata, lakini sikuelewa."

Nyuma wakacheka. Mwalimu akatabasamu kwa subira. "Mama, kariri tu ilivyo. Mtihani unakuja kwa Kiingereza, na jibu linatakiwa kwa Kiingereza. Tuna silabasi ya kumaliza."

"Mimi sina silabasi," nilisema. "Nina chupa."

Niliitoa mkobani, nikaiweka juu ya meza yake. Nilimweleza yote, pale pale nimesimama: ilivyojazwa, ilivyofungwa, nilivyoitwa mwizi kwa sababu tatu. Nikamwambia kwamba kama hayo anayofundisha ni ya kweli, basi ni lazima yaieleze hii chupa, na kama hayawezi kuieleza, basi mimi nakariri uongo na sitaki. Kijana mmoja akasema, "Mama, tunachelewa bwana." Nikageuka nikamwambia, "Nimechelewa miaka kumi na minane, mwanangu. Vumilia dakika kumi."

Mwalimu aliishika chupa, akaigeuza. Akabonyeza ule ubavu uliobonyea. Halafu akaenda kufunga mlango, maana mwenye kituo alikataza kufundisha kwa Kiswahili, na alikuwa na tabia ya kupita koridoni. Aliporudi alifuta mawimbi yote ubaoni.

"Haya," alisema kwa Kiswahili, na hata sura yake ilibadilika. "Tuanze na kuganda. Haya mafuta yalipojazwa yalikuwa majimaji. Kitu gani kimeondoka ndani yake?"

"Hakuna kilichoondoka," nilisema. "Nilifunga mwenyewe."

"Joto limeondoka. Chembe ni zilezile, idadi ileile. Zikiwa na joto, zinapishana, zinateleza, hakuna yenye mahali pake. Ndiyo maana yanamwagika. Zikipoa zinapungua mwendo, mpaka zinashikana. Hazisimami kabisa, zinaendelea kutetemeka, lakini kila moja imekamatwa na jirani zake. Hapo huwezi kumimina tena."

"Na shimo?"

"Zikishikana zinakaa karibu zaidi kuliko zilipokuwa zinateleza. Uzito ni uleule, nafasi zinayochukua imepungua. Hicho ndicho tunachokiita densiti: uzito kiasi gani umo katika nafasi fulani. Ukipima chupa yako kwa mizani utakuta haijapungua hata gramu."

Nilikaa. Miaka nenda miaka rudi wateja waliniuliza kwa nini lita yangu haijazi kilo kwenye mizani, na nilikuwa nawajibu kwamba mafuta ni mafuta. Sasa nilielewa kwamba lita ni nafasi na kilo ni uzito, na mafuta katika nafasi ya lita hayabebi uzito ambao maji hubeba. Nilikuwa nimeuza lita kwa miaka yote hiyo bila kujua ninauza nini.

"Na kubonyea?" nilisema.

Alichora chupa ubaoni, na juu ya mafuta akachora vidoti vimetawanyika. Hiyo ni hewa iliyobaki chini ya kizibo. Chembe za hewa, alisema, hazishikani na mtu, zinaruka ovyo na kugonga ukuta wa chupa, mamilioni kwa mamilioni, na kugonga huko kote kwa pamoja ndiko kunakoleta msukumo wake. Kiswahili sanifu kinauita kanieneo. Mimi niliendelea kuuita presha. Nilipofunga kizibo, hewa ya ndani ilikuwa ya moto, inagonga kwa nguvu. Ilipopoa ikagonga kwa unyonge. Hewa ya nje haikupungua chochote, iliendelea kugonga vilevile. Plastiki ikashindwa upande.

"Kwa hiyo chupa haikunyonywa kutoka ndani," nilisema. "Imesukumwa kutoka nje."

"Hasa."

Yule kijana aliyesema tunachelewa aliinuka, akaja kuishika chupa. Mimi nilikuwa na swali lingine. "Mwalimu, kama vitu vikiganda vinajibana, barafu nayo ijibane. Mbona inaelea kwenye maji? Kitu kizito si kinazama?"

Mwalimu alitazama ubao. Angeweza kunidanganya, na nisingejua. Alisema, "Mama, hilo silijui vizuri. Nipe mpaka kesho."

Nilimheshimu kuanzia dakika ile.

Usiku ule sikulala bila kujaribu. Niliyeyusha nusu ya mafuta ya chupa nyingine, nikayatia kwenye glasi, halafu nikachota kipande kilichoganda kwa kijiko nikakidumbukiza. Kilikwenda chini kama jiwe. Barafu inaelea, mafuta yangu yanazama. Kesho yake mwalimu alikuja na jibu: maji ni mkaidi. Chembe zake zikiganda hushikana kwa mpangilio unaoacha mapengo katikati, kwa hiyo barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyoizaa. Mafuta, kama vitu vingi, hayafanyi hivyo. Nilipomwambia nilichokiona kwenye glasi alicheka kwa furaha. Siku hiyo alikwenda chini kwa mama wa chai, akaazima jiko dogo la gesi, akaweka sufuria ya barafu na kipimajoto, na tukazunguka kutazama. Moto ulikuwa unawaka, barafu ilikuwa inayeyuka, na kipimajoto kiligoma kwenye sifuri. Dakika moja, mbili, tano. Vijana wakaanza kusema kimekufa.

"Joto linaingia," mwalimu alisema. "Linakwenda wapi?"

Kisha nikasema, taratibu, kwa sababu nilikuwa nafikiri huku nasema, "Linafanya kazi ya kuzifungua. Chembe zimeshikana, joto lote linaishia kwenye kuziachanisha. Zikiisha kuachana, ndipo maji yatapata moto." Kipande cha mwisho kilipoyeyuka, tukakoroga maji, na kipimajoto kikaanza kupanda. Hakuna aliyenicheka siku hiyo.

Sokoni mambo yalikuwa yanaharibika. Habari za mshumaa zilienea. Wateja wawili wa kudumu walipita mbele ya meza yangu wakanunua kwa yule bwana. Nilipojaribu kueleza chembe, walinitazama kama mtu anayeuza dawa ya mapenzi. Siku ya nne akaja mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mstari wetu, mtu mzima, mwenye kofia na sauti ya chini.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Binti yangu, nimeletewa malalamiko. Wanasema mafuta yako yamechakachuliwa. Mimi sitaki jina la mstari huu lichafuke. Nakuomba uyaondoe mezani, na kama huna cha kuuza, kuna mwingine anayeihitaji meza."

"Nani aliyeleta malalamiko?"

"Hilo si la kuuliza."

Nikatazama meza ya nne. Yule bwana alikuwa anapanga chupa zake kwa makini sana.

Kuna namna ya kunyamaza niliyofundishwa tangu siku ile ya barua na sare. Unainamisha kichwa, unakubali, unatafuta pa kwenda. Nilisikia kichwa changu kikianza kuinama. Nikakizuia.

"Mzee, siondoi," nilisema. "Na meza siachi. Kama kuna mafuta yaliyochakachuliwa hapa, tuyatafute wote mchana kweupe. Nunua wewe mwenyewe mafuta ya nazi kwa kila anayeyauza mstari huu, yangu yakiwemo. Yaweke kwenye chupa ndogo zilizofanana, uandike namba, orodha ubaki nayo wewe. Mimi nitaleta barafu. Ya nazi tupu yataganda. Yaliyochanganywa hayataganda. Kama yangu ndiyo mabaya, nitaondoka mwenyewe bila kusukumwa."

Nadhani alitaka kukataa. Lakini dada wa vitenge alishasikia, na wauza viungo walishasikia, na mtu mmoja alishaanza kusema, "Haki hiyo, mwenyekiti." Akakubali, kesho yake saa nne.

Nyumbani nilifanya mazoezi mpaka mikono ikafa ganzi. Nilichanganya alizeti na nazi nusu kwa nusu kwenye chupa moja, nazi tupu kwenye nyingine, nikaziweka kwenye maji ya barafu. Zote mbili zikaharibu mpango wangu: katika baridi kali hata ile ya kuchanganya ilianza kuchafuka, ikawa kama uji. Mtu angesema zimefanana. Nikagundua kwamba si kila baridi inafaa. Niliongeza maji ya kawaida kidogo kidogo, nikitazama kipimajoto nilichoazima kwa mwalimu, mpaka ikafika nyuzi ishirini, ubaridi wa alfajiri ya kipupwe chetu. Hapo, katika muda wa kama saa moja, nazi ikawa nyeupe na mchanganyiko ukabaki unapitisha mwanga. Sawa. Nyuzi ishirini.

Asubuhi nilikwenda Feri kununua bonge la barafu kwa watu wa samaki, nikalifunga kwenye gunia. Nikampitia yule mama wa vitambaa dukani kwake. "Mama, umeniita mwizi mbele ya watu," nilimwambia. "Sina ugomvi na wewe. Ila leo saa nne naomba uje, utazame mbele ya watu haohao." Alishusha miwani yake, akanitazama mimi na gunia linalochuruzika maji kwenye sakafu yake. "Nitakuja," alisema. "Lakini nikiona uongo, nitasema uongo."

"Ndivyo ninavyotaka."

Mwenyekiti alileta chupa tano ndogo za dawa, zimebandikwa namba. Nilijaza beseni maji, nikavunja barafu, nikaweka kipimajoto, nikamwomba dada wa vitenge asome namba kwa sauti ili isionekane nasema mwenyewe. Ilipofika ishirini tukatumbukiza chupa. Kisha tukasubiri, na kusubiri huko ndiko kulikuwa kugumu. Watu walikuja, wakachoka, wakaondoka, wengine wakaja. Barafu ikipungua naongeza, ikizidi natia maji. Yule bwana alisimama mikono kifuani. "Leo tunauziwa mazingaombwe," alisema. Sikumjibu. Kila baada ya muda nilizitikisa chupa na kuzirudisha. Nusu saa ikapita, zote tano zilikuwa angavu, na mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho mbele ya beseni la barafu.

Namba mbili ndiyo iliyoanza. Ukungu mwembamba ulitokea chini, ukapanda. Halafu namba tano. Watu wakasogea. Katika muda wa kusimulia hadithi fupi, mbili zile zilikuwa nyeupe kabisa, na ukizigeuza juu chini hakuna kinachosogea. Moja, tatu na nne zilikuwa zinacheza ndani ya chupa kama maji.

"Soma orodha, mwenyekiti," alisema yule mama wa Kihindi, kabla hata mimi sijasema.

Mwenyekiti akatoa karatasi mfukoni, akaisoma mara mbili kimoyomoyo. Namba tano ilikuwa ya bibi mmoja wa mwisho wa mstari, anayekamua mwenyewe kama mimi. Namba mbili ilikuwa yangu. Namba nne ilikuwa ya yule bwana.

"Ya kwangu yamechujwa," alisema haraka. "Yakichujwa vizuri hayagandi."

"Kaka," nilimwambia, "maji yaliyochujwa ukiyaweka kwenye friza hayagandi?"

Kicheko kilichotoka pale sitakisahau. Si cha kunicheka mimi, safari hii. Lakini nilipogeuka nilimwona mwenyekiti anakunja karatasi yake na kusema kwa sauti yake ya chini, "Basi, yameisha. Kila mtu arudi kwenye biashara yake."

"Hayajaisha, mzee," nilisema. "Ulikuja kunituhumu nikiwa na wateja. Naomba uniambie nikiwa na wateja vilevile kama mafuta yangu ni mabaya au mazuri."

Alirekebisha kofia. "Mafuta ya huyu binti hayana tatizo," alisema.

"Ni ya nini?"

"Ni ya nazi," alisema, akaondoka.

Nisidanganye kwamba haki ilitendeka yote. Yule bwana hakuondolewa wala kuonywa hadharani. Aliendelea na meza yake, ila juma lililofuata vibandiko vyake vilibadilika kutoka "nazi halisi" kuwa "mafuta ya nywele". Baadhi ya wateja walibaki kwake, kwa sababu wanapenda kitu kinachomiminika. Wale wauzaji wengine wawili, wa namba moja na tatu, hawakunisalimia mpaka kipupwe kikaisha. Yule mama wa vitambaa hakuniomba radhi kwa maneno. Alibaki nyuma watu walipotawanyika, akainua mezani kwangu chupa yake ya kwanza, ile iliyobonyea.

"Sasa hii nieleze," alisema. "Bila Kiingereza."

Nikamweleza. Hewa ya ndani ilivyopoa na kugonga kwa unyonge, ya nje ilivyoendelea kusukuma. Shimo lilivyotokea bila gramu kupungua. Nilipomaliza akasema mama mkwe wake alimwambia tangu mwanzo kwamba zamani mafuta ya kweli yalikuwa yanachotwa kwa kidole wakati wa baridi, na yeye hakumsikiliza. Alinunua chupa mbili. Nikamwonyesha namna ya kuziweka kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, siyo kwenye moto.

Kipupwe kile chote niliacha chupa zenye shingo nyembamba, nikauza kwenye makopo yenye mdomo mpana, na kila aliyeuliza kwa nini ni meupe nilimweleza. Wapo walioondoka katikati ya maelezo. Sikupunguza neno.

Mtihani ulifika. Mwalimu wetu alishaachishwa kazi pale kituoni kabla ya hapo. Mwenye kituo alifungua mlango siku moja akamkuta anafundisha joto kwa Kiswahili, na hakutaka maelezo. Tulihama naye darasa zima, hata wale vijana wa nyuma, tukakodi chumba nyuma ya gereji ya pikipiki ambako ilibidi afundishe kwa kupaza sauti. Alikuwa anaeleza kwanza kwa Kiswahili mpaka tuelewe, kisha anatupa Kiingereza chake tukiandike. Kwenye karatasi ya fizikia kulikuwa na swali la hewa iliyofungwa ndani ya chombo na kupozwa. Niliandika jibu kwa Kiingereza changu kibovu, lakini sentensi zilikuwa zangu, hazikuwa za ubaoni. Fizikia nilifaulu vizuri. Hisabati nilipita kwa kusukumwa. Historia nilianguka, na sina wa kumlaumu, ila kwa jumla nilivuka.

Mwanangu alinipigia simu kutoka alikokwenda kufanya kazi, akaniuliza kama sasa nimeridhika, nipumzike. Nilimwambia sikwenda kule kutafuta kuridhika.

Sasa niko kwenye masomo ya kidato cha nne, kwenye kile chumba cha nyuma ya gereji, na mada yetu ni umeme. Mwalimu amechora chembe nyingine, ndogo kuliko zote, zinazopita ndani ya waya. Nimemuuliza kama zinapita, kwa nini waya haupungui. Amenijibu, sikuelewa. Amenijibu tena, sikuelewa. Jana vijana wakaanza kufunga madaftari wakisema tuendelee mbele, na mimi nimewaambia watangulie. Mimi ukurasa huu sijamalizana nao.